Mita Mbili za Idara ya Ususi

Ndugu Mkurugenzi wa Vyuo vya Ufundi,

YAH: UMBALI WA MITA MBILI, UFUPI WA MIKONO YETU, NA RUZUKU INAYOFUNGWA IJUMAA

Pokea salamu za heshima kutoka Idara ya Ususi, chumba cha mwisho kwenye korido, ukishapita makenika na kabla hujafika vyooni. Mimi ni mwalimu wa idara hiyo, huu ni mwaka wa kumi na nne. Si kawaida yangu kulalamika. Muulize mume wangu, ila ningependa umuulize mimi nikiwepo. Lakini mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Mwezi uliopita ofisi yako ilituletea nyaraka mbili ndani ya bahasha moja. Wa kwanza ni Mwongozo wa Afya, kwa sababu ya haya mafua makali yanayozunguka. Wa pili ni Masharti ya Ruzuku. Zote mbili zimesainiwa siku moja na mtu mmoja, pengine kwa kalamu moja, lakini inaonekana hakuna aliyezitambulisha zijuane. Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe ni wanafunzi wangu kumi na tisa wa mwaka wa mwisho, na ninaomba niwasemee kwa namba, maana naambiwa ofisini kwako kisicho na namba hakisomwi.

1. Mwongozo unataka mtu na mwenzake wakae umbali wa mita mbili wakati wote. Ndugu Mkurugenzi, sisi ni watiifu. Siku hiyohiyo niliazima utepe kwa mwalimu wa ushonaji, tukapima mikono ya idara nzima. Mkono mrefu kuliko yote ni wa binti tunayemwita Ngazi, nao una sentimita themanini na moja pamoja na kucha. Zinabaki sentimita mia moja na kumi na tisa, na waraka hausemi zitoke wapi. Seremala wa chuo alitusaidia kufunga vitana kwenye mipini ya mafagio. Tukajaribu. Mteja wetu wa kwanza alikuwa karani wa masjala, mama mpole, aliyetaka mistari minne ya kurudi nyuma. Alipata mmoja, ulioanzia juu ya sikio ukamalizikia kwenye ukosi wa blauzi, ukiwa umesukwa pamoja na ukosi wenyewe. Ilibidi tukate kimojawapo. Kwa kuwa blauzi ilikuwa ya kuazima, tulikata nywele.

2. Masharti ya Ruzuku, kwa upande wao, yanataka kabla ya Ijumaa hii saa sita mchana tuonyeshe wateja ishirini waliosukwa wakamalizika, kila mmoja akiwa ameweka sahihi kuwa ameridhika. Idara isiyofikisha idadi inakatiwa ruzuku, na isiyo na ruzuku inafungwa. Hadi naandika barua hii, Alhamisi saa tisa alasiri, tuna wateja sifuri. Karani wa masjala nilimfuata kwa kalamu mpaka kwenye kabati la mafaili. Amekataa kusaini, na tangu siku hiyo anafunga kitambaa kichwani.

3. Mwongozo unasema tunawe mikono kila tunapogusa nywele. Nimekaa nikahesabu. Msusi wa kawaida, kwa msuko mmoja mwembamba, hugusa nywele kama mara tisini. Kichwa kina misuko sitini. Nikijumlisha kunawa, kukausha na kungoja zamu ya bomba, mteja mmoja atatuchukua siku tisa. Atahitaji kulala hapa. Nimetafuta fungu la vitanda katika Masharti ya Ruzuku sikuliona, ila liko fungu la kupaka rangi mlingoti wa bendera.

4. Sasa nikufikishe kwenye suala la Shangazi, ambalo bila shaka limekwisha kufika mezani kwako kwa njia nyingine.

Shangazi ni kichwa cha plastiki cha kufanyia mazoezi, mali ya idara. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa kuwa ndiye shangazi pekee wanayemfahamu asiyetoa maoni. Ijumaa iliyopita Ngazi aliomba kwenda naye nyumbani akafanye mazoezi, Jumatatu akarudi naye kwenye kikapu. Getini kuna mlinzi wetu, mzee wa watu, mwaminifu kupita kiasi, ambaye tangu akabidhiwe kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso hajacheka. Mwongozo unasema kila anayeingia getini apimwe. Akampima Ngazi, sawa. Akampima Shangazi, nyuzi ishirini na nne. Kwenye jedwali lako, aliye chini ya thelathini na tano ana kasoro. Mlinzi akaandika kwenye daftari, nami nanakili kama lilivyo: "Mgeni wa kike. Joto 24. Maswali ya afya hakujibu. Macho yako wazi."

Nilishuka mwenyewe kwenda kumweleza kuwa yule si mtu. Mzee alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniambia kwamba yeye hakuajiriwa kuamua nani ni mtu na nani si mtu, ameajiriwa kupima. Kusema kweli nilimheshimu zaidi. Shangazi akawekwa karantini ya siku kumi na nne.

5. Karantini hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ni darasa letu. Mwongozo unataka kila chuo kiwe na chumba cha kutengea wagonjwa, chenye dirisha, beseni la kunawia na kufuli. Chuo kizima, chumba chenye vitu hivyo vyote ni chetu tu, maana kufuli nililinunua mwenyewe baada ya makenika kuzoea kuja kuchukua mafuta yetu ya nywele na kulainishia bawaba. Basi Shangazi yuko ndani, amekaa kwenye kiti changu, amevalishwa barakoa. Humo ndani ndimo vilimo vitana, vikaushia nywele, viti, vioo na kila kitu tunachofanyia kazi. Sisi tuko barazani, tumeketi kila mtu na mita zake mbili, na mtu wa mwisho kwenye mstari yuko jikoni. Anasomea ususi huku akiulizwa na mpishi kama chumvi imekolea.

Jumanne alikuja mkaguzi wa ruzuku. Ni kijana nadhifu, mwenye haraka. Alichungulia dirishani, akaandika, akaondoka. Nakala ya taarifa yake ninayo. Inasema Idara ya Ususi ina mwanafunzi mmoja, ambaye yupo darasani, ametulia, amevaa barakoa sawasawa, hakohoi, na hajamkaribia mtu kwa muda wote wa ukaguzi. Wanafunzi wangu kumi na tisa wameandikwa kuwa ni "kundi la kina mama wanaopiga soga barazani". Maana yake ni kwamba katika chuo kizima, mwanafunzi aliyefuata waraka wa afya na waraka wa ruzuku kwa pamoja ni mmoja tu, naye hana mikono. Wahenga walituonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tumelisikia, tumelipima na kwa utepe, na guu limevunjika vilevile. Hii ni aibu, na sitaitafutia neno lingine.

6. Hapa naomba uniruhusu niseme bila utani. Katika hao wapiga soga yumo mmoja tunayemwita Mama Pacha, mtu mzima kuliko wenzake wote. Amesoma miaka miwili huku akifua nguo za watu asubuhi. Amekwisha kuchoresha ubao wa saluni yake, maandishi mekundu, mkasi pembeni. Ubao huo uko nyuma ya mlango wa chumba chake, uso umegeuzwa ukutani, kwa sababu halmashauri haitoi kibali bila cheti, na idara iliyofungwa haitoi cheti. Watoto wake pacha wa miaka sita humuuliza ubao utageuzwa lini. Juzi Mama Pacha alinihamishia mimi swali hilo. Nilijifanya natafuta kitana, wakati vitana vyote vimefungiwa na anajua. Alinisaidia kutafuta. Jambo hilo limeniuma, Ndugu Mkurugenzi, na bado linaniuma ninapoandika.

Baada ya kuyaeleza hayo, nisingependa kuonekana mtu wa kulia tu bila kuleta njia. Nawasilisha maombi matatu, na ofisi yako ichague lililo rahisi kwake.

Ombi la kwanza ni kwamba mita ya Idara ya Ususi ipunguzwe, iwe na sentimita arobaini. Makenika hawataathirika, wabaki na mita yao ya kawaida. Wakitaka kuazima yetu tutawapa kwa kusaini.

Likishindikana hilo, tuletewe wateja ishirini wenye nywele zisizopungua mita mbili kwa urefu, zilizooshwa. Wakae upande mmoja wa uwanja, sisi tutakaa upande wa pili, na tutakutana katikati kwenye ncha. Tumekubaliana kuwa tutaanza na ncha na kumalizia na kichwa, jambo ambalo halijafanyika katika fani hii lakini mazingira yanadai. Wateja hao lazima wafike leo.

Na ikiwa yote mawili ni mazito, basi ninaomba, nikiwa na akili timamu, kwamba cheti cha ususi apewe Shangazi. Sifa anazo kwa mujibu wa taarifa yenu wenyewe. Mahudhurio yake ni kamili, usiku na mchana. Akishapata cheti atapata kibali, akipata kibali atafungua saluni, na kwa kuwa hana mikono itambidi aajiri wasaidizi. Ninao kumi na tisa, wote wamefundwa vizuri. Ubao wa Mama Pacha tutauongezea tu maneno "Shangazi na" mwanzoni, nafasi ipo, nimeuliza. Baada ya hapo wanafunzi wengine wa vyuo vyote nchini wanaweza kubaki majumbani kwao wakiwa salama kabisa, na kila darasa likawekewa kichwa kimoja. Mafua yatakwisha, ruzuku itatosha, na mkaguzi hatalazimika hata kufungua mlango. Mkiona inafaa, utaratibu huu unaweza kupanda mpaka kwenye ngazi za juu za ofisi.

Nisalimie katibu muhtasi wako, na dereva wako ambaye alisoma makenika hapa na bado ana kikombe chetu. Msalimie mkaguzi, umwambie kundi la kina mama linamtakia safari njema. Mama watoto na watoto wote wapate salamu zangu. Walinzi wa getini kwako wasalimie pia, lakini kwa mbali.

Ni mimi, niliyekutii mpaka mgongo ukauma,

Mwalimu wa Ususi

Nyongeza. Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, benchi la nje ya ofisi yako.

Ndugu Mkurugenzi, niliamua kuileta barua hii kwa mkono, na sikutaka kusimama mbele yako na nywele zilizotimka. Rola zetu ziko karantini. Kwa hiyo jana kabla ya kutoka nilichukua karatasi niliyokuwa nawekea kikombe cha chai, nikaikata vipande kumi na viwili na kuviringia nywele zangu. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini msusi aliyekatazwa kumkaribia mwenzake angefanya nini?

Asubuhi hii mdogo wangu alianza kunifungua, na kwa kuwa hawezi kuona maandishi bila kuyasoma, akawa anasoma kwa sauti. Kipande cha kwanza kilisema "Mwongozo wa Afya, ukurasa wa pili". Nikadhani ananitania. Cha tatu kilisema "idara za ususi, unyozi na uuguzi, ambazo hazihusiki na sharti la mita mbili; kwao barakoa na kunawa kabla ya kila mteja vinatosha". Cha sita kilisema idara hizo "hazitadaiwa idadi ya wateja muhula huu, na ruzuku yao itatolewa yote". Cha saba kilitaja kuwa "vifaa vya kufundishia visivyo na uhai havipimwi". Hapo mdogo wangu alilazimika kukaa chini. Sasa naelewa kwa nini ukurasa wa kwanza, ambao niliubandika mlangoni nikauapia, unaishia kwenye neno "isipokuwa". Nilidhani ndiyo mtindo wa ofisi.

Cha tisa kilisema mwalimu wa idara aombe nafuu hiyo kwa barua, ifike mezani kwako kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Sikungoja kufunguliwa cha kumi, nilipanda pikipiki.

Kwa hiyo nakuomba haya yote niliyoandika, tangu namba moja hadi sita, uyasome kuwa ndiyo hiyo barua ya maombi. Palipoandikwa "aibu" pasomeke "shukrani". Yale maombi matatu uyaruke. Salamu zibaki kama zilivyo.

Nimeambatisha vipande tisa, vimejikunja kidogo lakini vinasomeka. Vitatu bado viko kichwani kwangu, upande wa kushoto, na sijui vinasema nini. Mama Pacha, niliyempitia njiani, amekaa nami hapa benchini na anataka kunifungua, nimemkataza. Tafadhali gonga muhuri kwanza, ndipo tuvifungue.