Sera ya Pilipili

Chama cha Waswahili wa Deira kina heshima ya kuutangazia umma, wakiwemo wale ambao viza zao bado ziko njiani, kwamba kuanzia Jumatano iliyopita kimekuwa chama cha kwanza katika ukanda huu wa nchi za Kiarabu kuwa na Sera ya Pilipili. Itifaki imezingatiwa. Katibu wa Itifaki ni mimi, kwa hiyo najua.

Kikao kilifanyika saa nane mchana katika mgahawa wa Kiindonesia nyuma ya maduka ya jumla, mahali pa vigoda vya plastiki, feni inayolalamika na moshi wa mishikaki inayochovywa kwenye mchuzi wa karanga. Ajenda ilikuwa moja: kumthibitisha Mheshimiwa Muhanna, mwenye wakala wa mizigo, kuwa Mwenyekiti wa Kudumu. Vikao vyetu huwa Jumatano mchana, saa ambayo wenye ofisi zao wanaweza kutoka, na walinzi, wapishi na wadada wa majumbani hawawezi. Utaratibu huu hurahisisha sana maafikiano.

Changamoto ya kwanza ilikuwa Meza Kuu. Vigoda vyote vilikuwa na kimo kimoja, hali ya hatari kwa chama chochote chenye viongozi. Tukapandanisha vitatu, Mheshimiwa akapanda, magoti yakagota meza. Akaonekana vizuri.

Changamoto ya pili iliitwa Kulusumu, Mganda, mlinzi wa jengo moja kule Marina. Alikuja moja kwa moja kutoka lindo la usiku, macho mekundu, kufuatilia ombi lake la kuhamishia vikao Jumapili, siku ambayo wenzake wengi hupumzika. Tangu aliwasilishe, Mheshimiwa amekuwa akimjibu kwa upole uleule, "Bibie, ombi lako linafanyiwa kazi." Na kweli lilikuwa linafanyiwa kazi. Nilikuwa nimelikalia mimi mwenyewe.

Chakula kinachosifika pale ni kuku wa kukaanga anayepondwa kwenye kinu cha jiwe pamoja na pilipili, na mteja huchagua daraja la ukali, sifuri hadi tano. Mheshimiwa alichagua la kwanza. Kulusumu akachagua la tano.

Mwanachama wa kawaida amempita Mwenyekiti kwa madaraja manne, tena hadharani. Mtu aliyewahi kulala kwa zamu kitanda kimoja na wapakia mizigo wawili pale Naif, kama mimi, anajua cheo kinavyotafutwa. Hawezi kukaa akitazama kikinyang'anywa na kuku. Nikasimama, nikatunga Sera papo hapo: pilipili itafuata cheo. Daraja la tano, Mwenyekiti. La nne, Makamu. La tatu, Katibu. Wanachama, sifuri, kwa kujali afya zao.

Sahani ya Kulusumu ikahamishiwa mbele ya Mheshimiwa. Kulusumu mwenyewe akaletewa kuku asiye na kitu na vipande vya tango.

"Na kiongozi akishindwa kumaliza?" aliuliza.

"Akishindwa kashuka cheo," alisema Mheshimiwa, ambaye alikuzwa kwa achari za mamaake Unguja na haogopi kitu. "Na sahani inamfuata wa chini yake. Tia na hilo, Katibu."

Nikatia.

Tonge la kwanza alilimeza kwa hadhi. La pili machozi yakamtoka, nikawafahamisha wajumbe kwamba Mheshimiwa ameguswa na imani yao kwake. La tatu masikio yakabadilika rangi, akalivamia jagi la maji, na kwa kuwa maji huitawanya pilipili kinywa kizima, akateremka kutoka vigoda vitatu bila msaada wa kamati. Tukasubiri tamko.

"Khalas," alinong'ona. "Nipeni tango."

Kwa mujibu wa Sera, sahani ikasogea kwa Makamu, Boaz, Mkenya anayeuza vipuri vya simu.

"Zii, wazee," alisema bila hata kuigusa. "Mimi nimejiuzulu. Nataka muda na familia."

Familia yake iko Kisumu, lakini chama kiliheshimu uamuzi huo.

Ikanifikia mimi. Nilikula tonge moja kwa maslahi ya wanachama. Yaliyofuata ni siri za ofisi. Itoshe kusema kwamba dada mhudumu alinipepea kwa menyu, na nilipoweza kuona tena, sikuwa na cheo.

Chini ya Katibu hakuna vyeo, kuna watu tu. Sahani ikarudi kwa mwenyewe. Kulusumu alinawa, akala kwa mkono, polepole, kama mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu zamu ianze, akaipangusa sahani kwa lile tango lake la mwisho. Hakuna aliyempigia kura. Sera ilikwisha kumpitisha: daraja la tano, Mwenyekiti. Vikao vikahamia Jumapili kabla hajanawa tena.

Muhanna, sasa mwanachama wa kawaida, akiwa kwenye kigoda kimoja kama sisi sote, alinyoosha mkono. Kwa ulimi mzito alieleza kwamba Jumapili ndiyo siku yake ya kulala, akaomba chama kimfikirie.

Kulusumu alimtazama kwa upole wa kiofisi kabisa.

"Ombi lako, Mzee," alisema, "linafanyiwa kazi."

Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa hakuna mwingine chamani mwenye uzoefu. Nikalipokea, nikalikalia.