Gari Linalowaka kwa Kitufe

Ndugu Mhariri wa jarida la magari,

Natumaini u mzima. Mimi ni mjane, na marehemu mume wangu ameniachia gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, la kizazi kile cha kwanza ambacho mtaalamu wako amekilinganisha na kizazi kipya, kisha akakiita "babu wa kuheshimiwa kwa mbali".

Tangu makala hayo yatoke, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hatembei bila jarida lako kwapani. Jumamosi anataka kulitoa gari la kaka yake, aniletee hilo jipya. Nikikataa ananifungulia ukurasa: "Shemeji, wataalamu wamesema." Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, uyakanushe makala hayo kabla ya Jumamosi, kwa sababu hizi:

1. Gari jipya linasifiwa kuwaka kwa kubonyeza kitufe. Hiyo nayo ni sifa? Hata taa ya chooni huwaka hivyo. La kwetu lilibembelezwa. Mume wangu alilipigapiga boneti kama mgongo wa mtoto anayecheulishwa, nami nikisukuma nyuma na viatu vyangu vya kwendea harusini. Majirani wasiosemezana walikutana kwenye bampa letu. Hilo jipya limempatanisha nani?

2. Eti paa lake halivuji. Turubai letu lilivuja kwenye goti langu tu, na mume wangu aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akiukinga hapo kama bakuli, gia zikimsubiri. Katika hilo gari kavu, mkono wa mume unapata kazi gani?

3. Ndani ya dashibodi yupo mwanamke anayesema pinda kulia, pinda kushoto. Hiyo ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya vibaya miaka yote bila kufukuzwa. Yeye hata asiposikilizwa hanuni. Mtu asiyenuna ataaminiwaje?

4. Kwa kuwa starehe hizi zinahatarisha ndoa, kiwanda kiagizwe kutoboa mapaa, kung'oa vitufe na kumstaafisha mama wa dashibodi. Kikikaidi, serikali ipige marufuku magari yote yanayofika yanakokwenda.

Nisalimie wapiga picha wako na wote hapo ofisini. Mtaalamu naye mpe pole ya mgongo, maana viti vya ngozi amevisifu kama mgonjwa aliyepata kitanda.

Ni mimi,
Msukumaji mstaafu.

Nyongeza: Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Jana shemeji aliliazima hilo gari jipya dukani, akaniachia ili nilijaribu, nami nikaweka cherehani ya marehemu kwenye kiti cha abiria, niipeleke kwa mwenzake wa kazi. Gari likaanza kulia, halinyamazi: abiria hajafunga mkanda. Nusura nilitukane. Lakini tangu mazishi kila mtu ananiambia pale pembeni yangu ni patupu, nizoee. Hili ndilo la kwanza kusema kuna mtu. Nikamfunga mkanda. Likanyamaza, tukaondoka. Barua hii usiichapishe. Jumamosi shemeji aje.