Nani Alipuliza Pembe ya Kukwangua Ukoga?

"Same nzima hakuna mwanamke aliyelisoma darasa la nne kama mimi," alijigamba Bibi Eliwaza huku akimimina kahawa. "Wenzangu walilisoma mwaka mmoja wakaondoka. Mimi walinibakiza miaka mitatu."

Benchi zima la kijiwe chake cha kahawa likaangua kicheko, isipokuwa Yusto, waliyemwita Taarifa kwa sababu redio haikumtoka begani.

"Chekeni tu. Leo redio imesema huko Ulaya wanafuga ukoga."

"Ukoga huu wa kijani, wa kuteleza?" aliuliza Zefania, jina la kijiweni Mwenyekiti, ingawa hajawahi kuchaguliwa hata na mkewe.

"Huo huo! Wanaufuga kwenye maji machafu pamoja na bakteria. Ukoga ukipigwa jua unatoa hewa safi, bakteria wanaivuta, wanapata nguvu ya kula ile sumu ya kulainishia plastiki. Wakishiba wanapumua, na pumzi yao ndiyo chakula cha ukoga."

"Yaani kila mmoja anamlisha mwenzake na hakuna anayenuna? Mbona kwangu haiko hivyo?"

"Kwako ukoga ni wewe, Mwenyekiti."

Safari hii Bibi Eliwaza hakucheka. Bustani yake ya mchicha ilikunywa maji ya bwawa la Fanueli, kijana aliyekaa pale mwisho wa benchi, maarufu kama Soko Huria. Tangu biashara iwe ruksa, Fanueli aliokota ndara zilizokatika na madumu mabovu, akaviosha, akaviyeyusha, akatoa kandambili. Maji ya kuoshea yakashuka bwawani, ya bwawani yakashuka kwa bibi, mchicha ukajikunja. Bwana maji wa wilaya akaja, akasema ukoga uachwe uote, usiguswe. Wakauacha, mchicha ukaanza kunyanyuka. Kisha Jumamosi alfajiri ikalia pembe ya msaragambo, ya kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja. Watu wakatoka na majembe, wakalikwangua lile bwawa kama wanavyokwangua ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia kule milimani, mpaka likang'aa. Na sasa mchicha umelala tena.

"Kumbe tumewafukuza wafanyakazi!" bibi aling'aka. "Na mimi nilikuwepo, nakwangua na kuimba!"

"Bibi nawe, si ungeuliza kwanza?" alisema Taarifa.

"Pembe ya msaragambo ikilia, Mpare gani anauliza? Unabeba jembe! Wa kuulizwa ni aliyepuliza."

Macho yote yakahamia kwa Fanueli.

"Msinitazame mimi! Jumamosi sikuwepo."

"Soko Huria, usitupige kamba," alisema Mwenyekiti. "Jumapili ulikuwa na tajiri wa Moshi, kaja kukagua kiwanda chako. Angeona lile bwawa la mlenda angekunywa hata maji kwako?"

"Mnanionea, jamani. Jumamosi nilikuwa Usangi, nazika." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mjomba Hezroni katutoka."

Taarifa akazima redio. Mwenyekiti akavua kofia. Bibi Eliwaza akaona aibu mpaka masikioni. Akachagua kikombe kikubwa kuliko vyote, akakijaza, akaongezea kashata.

"Pole, baba. Mzee Hezroni alikuwa mtu wa watu. Aliugua?"

"Kifua, bibi. Ghafla tu. Kafia mikononi mwangu."

"Masikini! Akasema nini?"

Fanueli akatafuna kashata taratibu. "Alisema nipende kazi."

"Maneno mazito hayo," alinong'ona Mwenyekiti, na hapo hapo akabaki mdomo wazi. Ng'ambo ya barabara, kwenye basi dogo la Mwanga, alikuwa anateremka mzee mwenye bakora. Akavuka, akafika, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmepoa hivi? Kuna msiba?"

Macho yakarudi mwisho wa benchi. Fanueli alikuwa amejikunja nyuma ya redio ya Taarifa.

"Usijifiche, mpwa wangu, nimekufuata wewe. Pembe yangu uliyoiazima Ijumaa mbona hujairudisha?"

Bibi Eliwaza akamnyang'anya Fanueli kikombe, akakifuta ukingo kwa ncha ya kanga, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Karibu, Mzee Hezroni. Kunywa, ingali ya moto. Ni ya matanga yako."