Uzinduzi wa Kingo za Chuma Nyumbani kwa Bi Efthimia

Mheshimiwa Naibu Meya, waheshimiwa madiwani wa kitongoji chetu cha Banksia Rise, hapa Sydney, mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kelele na Vinyesi, akina mama mnaochoma soseji, na ninyi kakatua, kasuku weupe wenye vishungi, mliojipanga juu ya nyaya, kwani uongozi wangu haumbagui mwenye manyoya: hamjambo! (Kakatua wanapiga ukelele. Wananchi wanatazama soseji.)

Tumekusanyika mbele ya nyumba ya Bi Efthimia Karvounis, mjane ambaye mwezi uliopita, akimwagilia mirehani yake kwenye roshani, aliegemea ukingo wa mbao uliokwisha kutafunwa na kakatua hadi ukawa laini kama mkate, akaporomoka nao bustanini na kuvunjika mkono, tukio ambalo Halmashauri yangu, baada ya tathmini shirikishi, imeliita mteremko usiopangwa. (Minong'ono. Bi Efthimia: "Nilikupigia simu majira yote ya baridi, Meya! Ukaniambia niwapigie kakatua makofi waruke!")

Na uliwapigia, mama, na mchango wako umeingia kwenye takwimu! Ndiyo maana, kupitia Mkakati Jumuishi wa Ustahimilivu wa Roshani, asilimia tisini na sita ya wakazi wamehamasishwa kuhamasika, mapipa ya taka yanayofunuliwa na ndege hawa sasa yanafunuliwa kwa utaratibu, na mimi binafsi, bila kujali usalama wangu, nilimkazia macho kakatua mmoja kwenye maegesho mpaka akasalimu amri na kuondoka na waipa ya gari langu. (Makofi ya mtu mmoja: dereva wa Meya.)

Na wanaouliza hizo kingo za chuma ziko wapi ("Ziko wapi?") nawaambia, inueni macho! Ule unaong'aa pale juu, wenye nembo ya Halmashauri, ndio dira yetu! (Kakatua mmoja anatua ukingoni na kuibandua nembo. Sauti: "Mwacheni! Huyo ndiye pekee anayefanya kazi hapa!" Kicheko kirefu.)

Roshani salama, wazee salama! Chuma kwanza, mbao baadaye!

Kabla soseji hazijapoa, namshukuru kwa dhati Stavros, mwana wa Bi Efthimia, aliyeununua ukingo ule mwenyewe na kuufunga mwenyewe Jumamosi, na ambaye hatukuwahi kupata wasaa wa kumwomba ruhusa ya kubandika nembo. Nanyi nyote nawashukuru kwa subira, maana ukingo mwingine haupo, haujaagizwa, na kamati ya kuagiza haijaundwa. Asanteni sana!

(Bi Efthimia: "Basi panda pale kwa jirani, Meya mwanangu, ukauegemee wa kwake wa mbao.")