Harusi Hatua Kumi na Moja Ndani ya Idaho

Jumatatu, 12 Juni

Jumamosi naoa! Hili ni jaribio la nne. Bibi harusi ni yule yule, Lorna Veach, dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye subira kuliko wote katika jimbo la Washington.

Yaliyopita si ndwele. Mara ya kwanza tulipanga kufunga ndoa kwenye mashua, injini ikazimika katikati ya mto. (Niliitengeneza mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Tuyaache.) Mara ya pili niliona tusihangaike na ukumbi, tukasimama juu ya ziwa lililoganda. Barafu ikalia kwaa! Wageni wakaondoka bila kuaga. Mara ya tatu nilichagua siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda. Hakuja mtu. Kwa saa mbili za kwanza, hata mimi.

Leo Lorna kabandika tiketi ya ndege kwenye friji. Ya Jumapili. Kwa dada yake, Alaska. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Merle, nakupenda," akasema, "lakini mimi si kituo cha basi, nikae tu nikisubiri. Jumamosi ikipita sina pete, Jumapili napaa. Na sirudi."

Jioni kaka yake akapita. Dwight Veach, mpima ardhi mstaafu, mjuaji wa kuzaliwa. Akaniuliza kama nimeshachukua leseni ya ndoa. Eti Washington ukishaandikisha lazima ungoje siku tatu ndipo iwe halali, kwa hiyo niende kesho asubuhi, nisilale. Nikamwambia ahsante shemeji.

Siendi. Leseni ni leseni. Miaka arobaini nanunua leseni ya kuvua samaki pale kwenye duka la chambo, saa kumi na mbili asubuhi, dakika nne, na kahawa juu. Haraka haraka haina baraka.

Jumatano, 14 Juni

Siku nzima natengeneza tao la harusi. La pembe za kulungu! Jozi kumi na tisa, nimezikusanya msituni tangu ujana. Hakuna harusi ya kaunti hii iliyowahi kuwa na kitu kama hiki.

Limeniangukia mguuni. Dwight alikuwepo, bila shaka. Yeye hukosekana kwenye kazi tu, kwenye aibu hupatikana. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha: halijavunjika, limevimba tu. Methali imeshindwa.

Akauliza tena habari za leseni. Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 15 Juni

Ofisi ya kaunti, mimi na Lorna, saa tatu kamili. Mama wa dirishani mpole sana, miwani ya mnyororo. Akajaza, tukasaini. Kisha akasema hongereni, leseni yenu itaanza kufanya kazi Jumapili.

Jumapili!

Nikamweleza kwamba ukumbi ni Jumamosi. Akasema sheria ni siku tatu, kwa kila mtu. Nikamuuliza kwa heshima zote kama hawezi kuandika tarehe ya jana. Naye akaniuliza kwa heshima zile zile kama ningependa amwite sherifu, yupo hapo ng'ambo ya korido. Nikasema hapana, ahsante, leo ana shughuli nyingi.

   Tulipofika jikoni Lorna kamimina chai, kainywa amesimama mbele ya friji akiisoma tiketi. Maji yalinifika shingoni.

Nikageuka dirishani nisimwone. Na dirisha la jikoni kwangu linatazama nini? Mtaa, kibanda cha barua, na ng'ambo ya barabara, Idaho! Jimbo jingine! Idaho hawangojeshi mtu hata saa moja. Unaingia kapera, unatoka na leseni, unaoa kabla ya chakula cha mchana. Miaka sitini na moja naitazama Idaho na sikuwahi kuiona.

Nikapiga kelele. Nikamwambia Lorna kesho tunakwenda Sandpoint, kwenye ofisi yao. Akanitazama sana. Akasema atakuja. Tiketi hakuibandua.

Ijumaa, 16 Juni

USHINDI! Robo saa! Leseni ya Idaho, muhuri umekaa, majina yetu yameandikwa vizuri, halali leo leo. Nilitaka kumkumbatia karani, Lorna akanishika mkanda.

Wakati wa kurudi Lorna kaniomba nisimame kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Kaingia, katoka na kikaratasi, kakitia kwenye pochi. Sikuuliza. Nilikuwa naimba.

Jioni nikaenda mwenyewe kwa Dwight nikamwekea leseni mezani, juu ya sahani yake ya soseji. Nikamwambia soma, mjuaji. Akafuta mikono. Akavaa miwani. Akasoma mbele, akasoma nyuma.

"Nzuri sana, shemeji," akasema. "Karatasi ya Idaho inafungisha ndoa Idaho. Ukumbi wako uko wapi?"

Nikamwambia najua. Sikuwa nikijua.

Ukumbi wa chama cha wakulima uko Washington. Wageni sitini na wanne wameambiwa Washington. Keki inapelekwa Washington. Na ofisi zote zimefungwa mpaka Jumatatu.

Lakini Merle Tofflemire hashindwi na mstari. Nyuma ya ukumbi kuna ua mkuukuu, na nyuma ya ua kuna kiwanja cha muuza matairi, na matairi yale yanalipiwa kodi Idaho, kila mtu anajua. Kwa hiyo ua ndio mpaka. Tao nitaliweka nje, hatua mbili upande wa pili wa ua. Wageni watakaa Washington kwa raha zao, sisi tutaoana Idaho, na baada ya "ndiyo" tunarudi Washington kula. Muuza matairi kakubali, kaomba kipande cha pai tu. Lorna nimemwambia ni kwa ajili ya hewa safi.

Akaniuliza hewa ya matairi? Nikambusu kwenye paji la uso.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una pete, kwa hiyo nautazama kila mara.

Saa nane mchana wote wamekaa. Tao limesimama, pembe zinang'aa, nimezipaka mafuta ya mashua. Lorna anatoka mlango wa nyuma amevaa gauni la buluu, nami nikasahau hata jina langu. Mchungaji Ingrid, ambaye tangu siku ile ya mashua huja na koti la kujiokolea majini ndani ya gari, akafungua kitabu. Akafunga. Akaniuliza polepole kama hapa aliposimama ni jimbo gani, maana anayesaini ni yeye.

Nikasema Idaho.

Nyuma ya umati mtu akakohoa. Dwight! Kavaa suti, na mbele yake kasimamisha kile chombo chake cha kupimia, miguu mitatu juu ya nyasi. Nikamwambia hii ni harusi, si barabara. Akafumba jicho moja, akatazama, akaandika kwenye kijitabu, akatazama tena. Watu sitini na wanne wakamngoja kama wanangoja hukumu.

"Ua huu ulijengwa na babu yetu Harlan akiwa amelewa," akasema. "Mpaka wenyewe uko kule kwenye matairi ya trekta. Hatua kumi na moja. Mpo Washington, shemeji. Wote."

Basi Lorna akajua yote. Leseni, ukumbi, ua, hewa safi. Akanitazama. Mchungaji akatazama viatu vyake. Nilitafuta mpango kichwani na kwa mara ya kwanza maishani sikukuta hata mmoja. Niliogopa. Naliandika waziwazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliiona ile nyumba bila basi la njano la Lorna mbele yake asubuhi, nikaogopa kuliko siku ya barafu.

Nikasema, "Lorna, mimi ni mpumbavu."

Akasema hilo alilijua kabla ya jaribio la kwanza, wala halihitaji leseni. Kisha akakunja gauni, akashika mguu mmoja wa tao, akawageukia watu kwa ile sauti yake ya kupanga watoto ndani ya basi.

"Kila mtu anyanyuke! Beba kiti chako! Tunahamia Idaho!"

Nawaapia! Watu sitini na wanne na viti vichwani! Shangazi Beulah, miaka tisini na mbili, alikataa kunyanyuka, akabebwa na kiti chake na wanaume wanne huku akiwaelekeza njia kwa fimbo. Mpiga kodiani hakuacha kupiga. Keki ilipita kwenye pengo la ua kwa ubavu. Ua wenyewe ukaanguka, hakuna aliyeulilia.

Dwight alitangulia na nyundo. Akapigilia kigingi cha mbao ardhini, akafunga utepe wa rangi ya chungwa, akasema kuanzia hapo mtu yuko salama. Tukasimika tao. Mchungaji akainama, akaona pembe moja bado inaning'inia upande wa Washington, akaamuru hatua moja zaidi. Ikawa kumi na mbili. Akasema yeye hacheki na pembe.

Na hapo, kati ya rundo la matairi ya trekta na rundo la matairi ya lori, Lorna Veach alisema ndiyo. Alisema kwa sauti. Nadhani walisikia majimbo yote mawili. Mimi nilisema ndiyo kabla sijaulizwa, ikabidi nirudie.

Dwight alilia. Kasema ni vumbi la matairi. Nikamkumbatia, akanikubalia, tukakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida yetu.

Usiku huu Lorna kabandua tiketi kwenye friji, kampigia dada yake, kamwambia haji. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

Sasa tuseme haki. Nani alifikiria Idaho kwanza? Mimi! Wengine walibeba viti tu.

Jumapili, 18 Juni

Fungate! Naandika ndani ya mashua, ziwani, upande wa Idaho. Injini imewaka mara ya tatu tu. Jua limetoka, milima iko wazi, mke wangu (mke wangu!) kakaa mbele na kofia ya majani. Tumeshakula vipande viwili vya pai ya beri za msituni, iliyobaki jana.

Dwight alikuja asubuhi gatini kutuaga. Hakosi la kusema. Akaniuliza leseni yangu ya kuvua ni ya wapi. Nikaitoa kwa majivuno: Washington, mpya, nimeinunua mwezi wa nne, dakika nne na kahawa. Akafungua mdomo. Nikamkatiza. Nikamwambia shemeji, habari za mipaka sasa nimezisomea, tena kwa vitendo. Nchi kavu ina vigingi. Maji yana kigingi gani? Samaki anaogelea Washington asubuhi, jioni yuko Idaho, nani amemuuliza karatasi? Dwight akafunga mdomo. Nimemshinda mjuaji, siku ya kwanza ya ndoa yangu!

Nimeshavua watatu, wanene kama mkono wangu. Lorna mmoja. Anatabasamu peke yake tangu tuondoke, sijui kwa nini. Furaha, bila shaka.

Mashua inakuja, ya kijani, ya serikali. Mtu mwenye sare na kofia pana amesimama mbele, anatupungia mkono. Watu wa Idaho wana upendo sana. Habari za harusi yetu lazima zimefika mpaka huku.

Lorna kaweka ndoano chini, kafungua pochi, katoa kile kikaratasi cha duka la uvuvi la Sandpoint, kakinyoosha vizuri juu ya goti.

Nami nimesimama nimpungie vizuri zaidi, mkono mmoja juu, mwingine nimewanyanyua samaki wote watatu awaone.