Ombi la Kuzibwa kwa Mifuko ya Mume Wangu

Bulla Iftin, Garissa
Siku ya hamsini na tatu ya ndoa yangu

Kwa Mwalimu Koome,
Mlezi wa zamani wa maskauti, Modogashe,
Sasa mstaafu, Nkubu, Meru.

KUH: MIFUKO YA SIYAD, NA WEWE ULIVYOIJAZA

Mwalimu Mheshimiwa,

Assalamu alaykum, na kwa salamu za kwenu, muga.

Hunijui. Mimi ni Samsam Kerrow, mke wa Siyad, yule mwanafunzi wako mrefu uliyemkalisha nyuma kwa sababu alikuwa akiwaziba wenzake ubao. Ni mke wake tangu siku hamsini na tatu zilizopita, na kila nikiandika neno "mke" mkono unacheza wenyewe kwa furaha, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko. Nina furaha, Mwalimu. Nikipika anjera asubuhi natabasamu mpaka inaungua, na Siyad anaila ile iliyoungua na kusema ndivyo anavyoipenda. Mwanamume kama huyo hapatikani hivi hivi. Macho yake ni ya upole. Akicheka, anaanza kucheka kwa mabega.

Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu kukulalamikia wewe.

Nimeambiwa, na aliyeniambia ni yeye mwenyewe, kwamba alipokuwa kidato cha pili uliwapeleka vijana kambini nje ya Modogashe, ukawapanga kwenye jua, ukawafundisha kwamba mtu anaweza kupoteza begi, anaweza kupoteza gari, anaweza kupoteza hata njia, lakini hawezi kupoteza suruali bila kujua. Kwa hiyo vifaa vya kumwokoa vikae mfukoni, kila siku, popote aendapo, mpaka kufa kwake. Vijana wengine walilisahau somo hilo wiki ileile. Siyad hakulisahau. Sasa ni fundi wa pampu za visima, mtu mzima mwenye ndevu, na suruali yake ina mifuko kumi na mmoja. Nimeikagua. Nimekuta kiberiti cha gesi na cha njiti, kamba nyembamba, waya, sindano na uzi mweusi na mweupe, pini, wembe, kioo cha kumulikia ndege zipitazo, firimbi, tochi ya ukubwa wa kidole, vidonge vya kusafisha maji, plasta, na tende saba zilizofungwa katika karatasi ya fedha. Tunaishi mita mia mbili kutoka msikitini na mita hamsini kutoka duka la tende.

Sikatai kwamba vifaa hivi ndivyo vilivyotukutanisha. Abaya yangu ilinaswa na mlango wa gari pale stendi ikachanika, na kabla sijaanza kulia akatokea kijana mrefu, akageuza uso pembeni kwa heshima, akaninyooshea pini nne. Nne! Mtu mwingine angekuwa na moja. Lakini pini zile zilikuwa za dharura, Mwalimu, na ndoa si dharura. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakumbatiki. Nasema hili kwa haya, lakini wewe ni mtu mzima na una mke. Kumkumbatia Siyad akitoka kazini ni kama kukumbatia kabati la vyombo. Juzi kifuniko cha kitu fulani kwenye mfuko wa kifua kiliniachia duara shavuni, na wifi yangu Rukiyo akaniuliza mbele ya wageni, "Abaayo, dada yangu, nani amekupiga muhuri?" Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika.

2. Amenidanganya bila kusema uongo. Siku ya arusi ukumbi ulipambwa kwa maputo mekundu na meupe. Watu walipokuwa wakiondoka nilimwona mume wangu akichukua puto moja jekundu, akilitoa hewa taratibu, akilikunja na kulitia mfuko wa kifua, upande wa kushoto. Nililia, Mwalimu. Nikasema moyoni, wallahi nimepata mwanamume anayehifadhi pumzi ya siku yetu karibu na moyo wake. Niliwasimulia dada zangu wote. Mmoja, ambaye ameolewa miaka tisa, aliona wivu kabisa. Baada ya wiki mbili nikamwomba anionyeshe lile puto. Akalitoa kwa fahari, akasema, "Lita moja na nusu, qalbi. Ukilivika soksi, unabeba maji na halipasuki."

3. Zawadi. Siku ya thelathini alinipa kikasha kidogo cha bluu. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaume wengine hukumbuka siku ya thelathini. Nilifumba macho, nikatoa shingo. Akanivika firimbi. Akanieleza kwamba nikipotea nipulize mara tatu, nipumzike, nipulize tena. Nyumba yetu ni vyumba viwili, Mwalimu. Nitapotelea wapi?

4. Sina kazi. Mimi nilifundishwa na mama yangu mambo ya kumtunza mume: akichomwa na mwiba nikimbie na sindano, kichwa kikimwuma nitafute dawa, kifungo kikikatika nishone. Nilikuja nimejiandaa. Mwiba ukimchoma, ananyanyua mguu, anautoa kwa sindano yake, anapaka dawa yake, anarudisha kila kitu mahali pake, na anaendelea na hadithi aliyokuwa akinisimulia. Kifungo kilikatika Jumanne. Nilikuwa bado naangalia huku na huku uzi uko wapi, naye ameshamaliza kushona. Jirani yetu Mutanu, ambaye ni muuguzi kutoka Kitui na amekaa hapa miaka mingi, ananiambia, "Samsam wewe, uliolewa na hadiwea yenye miguu, na bado unalalamika?" Ndiyo, nalalamika. Hadiwea haimhitaji mtu.

5. Kwenye lango la ofisi ya serikali, ambako tulikwenda kuandikisha ndoa, askari alimwambia atoe vitu vya chuma. Watu kumi na wanne nyuma yetu walisubiri. Meza ilijaa, wakaleta kiti, kiti nacho kikajaa. Askari akauliza, "Mzee, wewe ni mteja ama umekuja kufungua duka?" Tulirudi siku iliyofuata.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba ukae.

Wewe umeishi kwetu, unaijua maawisi, kikoi chetu cha kufunga kiunoni. Unajua kwamba mwanamume akirudi nyumbani, akivua suruali na kufunga maawisi, maana yake amefika. Haina mfuko hata mmoja. Ni nguo ya mtu asiyekwenda popote. Kwa hiyo kabla ya arusi nilimchagulia maawisi mbili nzuri, moja ya kijani na moja ya rangi ya mchanga, nikazinukisha kwa uunsi, ubani wetu, siku tatu, nikijiambia kwamba nje awe wa Mwalimu Koome, lakini ndani atakuwa wangu.

Alizipeleka kwa fundi Keinan zikashonwa mifuko. Mifuko minne kila moja, yenye zipu.

Fundi Keinan ameshona miaka mingi na anasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho na mtu mwenye akili timamu. Alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Lakini alishona, na vifaa vyote vikahamia humo.

Siku ya arobaini Baba yangu, mzee Kerrow, alikuja kutoka Hadado kumwona mkwe wake. Baba ni mtu wa ngamia, hasemi sana. Alipoingia, Siyad aliinuka kwa adabu zote na kumpokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Mwalimu, mikono miwili. Na maawisi yenye vyuma vya nusu kilo ikabaki bila mtu wa kuishikilia.

Ilianguka kwa mlio. Namshukuru Mungu alikuwa na bukta ndani. Nayo bukta ilikuwa na mifuko.

Baba alitazama chini. Akasema "Subhanallah." Akamtazama Siyad juu, akatazama tena vile vitu vilivyotapakaa kwenye mkeka, kamba, tochi, tende, kisha akamwuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, unahama?"

Kila mtu alicheka, hata Siyad, kwa mabega. Mimi sikucheka. Wewe umeona watu wetu wakihama. Siku hiyo kila kitu kinafungwa: mikeka, vibuyu, sufuria, hakuna kinacholala chini. Mtoto aliyekulia kwenye mifugo akiona vitu vimefungwa haulizi. Anajua mahali hapo patakuwa patupu. Nami nimekulia hivyo, nimehama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara niliacha kitu, rafiki au kivuli nilichokuwa nimekizoea. Tangu Baba aulize swali lile, kila nikimtazama mume wangu na mifuko iliyotuna, naona mtu aliyekwisha kufungasha. Yeye anasema hendi popote, na Siyad hasemi uongo. Lakini macho yangu hayajui hilo. Nataka nione mifuko yake ikilegea na kuning'inia mitupu, kama ya mtu aliyefika.

Na Jumatatu anakwenda Hadado kutengeneza pampu, siku kumi. Baba amenitumia ujumbe kwamba safari hii atamtazama vizuri. Nataka Baba aone mtu aliyeacha kila kitu chake nyumbani kwa mkewe.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa Siyad hamsikilizi mtu yeyote juu ya jambo hili ila wewe, naomba yafuatayo:

Kwanza, umwandikie amri, kwa lugha ya kambini, ukimwachisha kazi ya kujiokoa kwa mwaka mmoja kamili. Ukiwa bado na muhuri wa maskauti, upige.

Ikiwa mwaka mmoja ni mfupi, basi mpaka tupate mjukuu wa pili.

Halafu, kwa kuwa wewe ni mtu wa serikali mstaafu na unajua barua hupelekwa wapi, uombe ipitishwe sheria kwamba mwanamume yeyote aliyeoa ndani ya miezi kumi na miwili asiuziwe suruali yenye mfuko. Aliye nayo tayari azibwe mifuko. Keinan yuko tayari kusimamia eneo lote kutoka hapa mpaka Modogashe, kwa kuwa dhamiri inamsumbua. Mwanamume akihitaji kitu, amwombe mkewe. Mke akiwa hana, wakose pamoja. Sioni hasara ya kukosa kitu ukiwa na mtu.

Na kama hayo yote hayawezekani, basi njoo wewe mwenyewe, uvichukue vifaa vyako, uvibebe. Tuna mkeka wa ziada na maziwa ya ngamia hayakosekani. Umeishi mfukoni mwake miaka yote hii. Si vibaya tukifahamiana.

Sina kinyongo nawe. Najua ulifundisha kwa nia njema, na ule mwaka wa kambi ulikuwa wa ukame, watoto wa watu walihitaji kuambiwa kwamba wanaweza kuishi. Ila hukuwaambia lini waache kujiandaa. Hilo tu ndilo ulilolisahau.

Nisalimie Bi. Kanana, mke wako, ambaye Siyad anasema aliwapikia githeri maskauti thelathini bila kununa. Nisalimie kahawa yenu na mvua yenu, mtuletee kidogo. Wasalimie majirani wa Nkubu hata kama hawanijui, na maskauti wako wote popote walipo, hasa walioolewa na waliooa. Mama mkwe wangu Jawahir anakusalimu, Rukiyo anakusalimu, Mutanu anakusalimu ingawa yuko upande wako.

Ni mimi, niliyeolewa vizuri na ninayelalamika kwa heshima,

Samsam Kerrow
Mke wa Siyad

Tanbihi: Mwalimu, usitume amri. Barua hii ilichelewa mezani kwa kukosa bahasha, na Rukiyo, ambaye mdomo wake hauna zipu, akamwambia kaka yake ninachoandika. Leo Jumatatu asubuhi nilipotoka jikoni nilikuta Siyad ameshatangulia stendi, na vifaa vyote vimepangwa juu ya meza kwa mistari, na kikaratasi: "Sihami."

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikafikiria ule mchanga baada ya Modogashe. Nikafikiria nyoka, lori kuharibika, mlango kuchana nguo ya mtu na Siyad kusimama pale bila pini hata moja. Nilikusanya kila kitu kwenye shali, nikapanda bodaboda, na nikamkuta lori likinguruma tayari kuondoka. Nilimjaza mwenyewe, mfuko kwa mfuko, mbele ya watu wote, naye amenyanyua mikono juu kama anakaguliwa. Wapakizi wakaanza kupiga kelele, "Mpakie pande zote, abaayo, asije akapinduka!" Mabega ya Siyad yalikuwa yakicheka, na macho yalikuwa na maji. Baba akitaka kuuliza, na aulize.

Lori limekwisha ondoka, na sasa hivi, nikiwa hapa stendi na barua hii iliyokuja ndani ya shali, nimefungua kiganja nikakuta kitu kimoja nilichosahau kukitia. Ni cha kijivu, kidogo kama kifungo, kina tundu katikati na meno upande mmoja. Sijui ni nini. Tafadhali nijibu haraka iwezekanavyo: ni cha kazi gani, na je, mtu anaweza kufika Hadado bila hicho?