Ombi la Kutompokea Mume Wangu Jumamosi

Maguu, Jumapili jioni.

Kwa Ndugu Azizi,
Katibu, Chama cha Mapambazuko,
Mbinga Mjini.

YAH: MUME WANGU RAIMUNDI ASIPEWE KADI

Ndugu Katibu, mwanangu,

Marahaba. Najua tungeonana ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze muda. Mimi ni Agripina, Mama Crispin, wa hapa Maguu, mke wa Mzee Raimundi ambaye Jumamosi hii mmepanga kumpokea rasmi kule Mbamba Bay, kwa hotuba na ngoma ya kioda. Naandika kwa heshima zote kukuomba msimpokee. Sina ugomvi na chama chenu. Sera zenu sizijui, na kwa ninavyomfahamu mume wangu, hata yeye hajazisoma.

Hiki kitakuwa chama chake cha nne. Cha kwanza aliingia ujanani, wakati chama kilikuwa kimoja na hapakuwa na haja ya kukitaja jina. Vilipokuja vyama vingi akaenda Chama cha Soko, kisha Chama cha Mizizi, na sasa anakuja kwenu. Angekuwa anahama peke yake nisingepoteza karatasi. Lakini akihama, huhama na nyumba nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina langu. Katika chama cha kwanza aliniita Ndugu. Tulizaa watoto watano tukiitana ndugu, na sikulalamika. Alipoingia Chama cha Soko nikawa mbia, na kila jioni aliniuliza tija yangu ya siku ilikuwa nini, wakati tija yenyewe anaitafuna. Chama cha Mizizi kikaniletea jina la bibi wa bibi yangu, na kijiko kikapigwa marufuku mezani; meza nayo ikafuata. Tangu wiki iliyopita naitwa mdau. Ndugu Katibu, mimi nimeolewa kanisani. Padri hakutaja udau.

2. Uzio. Kahawa yetu inapakana na ya shemeji yangu Kilian, mdogo wake Raimundi. Enzi za chama cha kwanza lilikuwa shamba moja la wote, yaani kila mmoja alimwachia mwenzake palizi. Chama cha Soko kilipoingia, mume wangu akajenga uzio katikati, na Kilian akaacha kutusalimia. Chama cha Mizizi kilipoingia, uzio ukang'olewa na nguzo zake zikajengewa sengu, kile kibanda ambamo zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo ya familia. Nilifurahi kweli. Wanaume wakaja wote, wakala maharage niliyoyaweka ya mbegu, na mambo ya familia hawakuyagusa. Waliongea mpira. Sasa naambiwa sengu itageuzwa kituo cha vijana, na kijana wa kwanza kujiandikisha ni Raimundi mwenyewe, mwenye miaka sitini na minane.

3. Sanamu ya kutishia nyani. Sanamu yetu huvaa fulana za chama alichotoka, maana nguo haitupwi. Mwaka aliohama Soko, wajumbe wa Soko walikuja mpaka mlangoni, wamenuna, kulalamika kwamba chama chao kimesimamishwa kwenye mahindi kinatazama nyani. Nikaivua. Nyani wakaja. Kwa hiyo katika mkoa huu wote wanaoheshimu Chama cha Soko ni nyani tu, na hata wao siku hizi wanasitasita.

4. Hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonikalisha kuandika. Nina shamba kwenye mteremko juu ya kijito, la kuchimbwa ngolo. Wewe ni mtoto wa duka, huenda hujawahi kuchimba, basi nikueleze. Wanaume hukata majani na kuyapanga kwa miraba. Sisi wanawake tunayafukia kwa udongo, katikati yanabaki mashimo, na mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kukimbia na udongo wetu bondeni. Ukiniuliza mimi, hata siasa za nyumba yetu zinakwenda hivyo hivyo: yeye anapanga majani na kuondoka, mimi nafukia.

Kazi hiyo hutaiweza peke yako. Unapika pombe, unaalika ngokela, majirani wanakuja na majembe, na kesho nawe unakwenda kwao. Ngokela yangu imeharibiwa na Raimundi. Jirani yangu Gertrude ni wa Mizizi, mwenzake Violet ni wa Soko, na wakikutana shambani kwangu ni kubishana tu kuhusu mume wangu: nani alimlea vizuri, nani alimtupa, nani alimnyima kiti cha mbele. Wanabishana na majembe mikononi. Wakipandwa na hasira wanachimba kwa kukomoana, na mwaka jana mashimo yalitoka makubwa ya kuweza kuzikia mbuzi. Sasa mkiongeza na Mapambazuko kutakuwaje? Maharage lazima yaingie ardhini kabla mvua hazijakatika. Yasipoingia, mwaka mzima tutakula ugali tukiutazama.

Nilimweleza hayo Raimundi. Akanijibu kwamba hata ngolo huhama. Palipokuwa tuta msimu huu, msimu ujao ndipo panapochimbwa shimo, vinginevyo ardhi inachoka, na yeye ni vivyo hivyo. Nikamwambia kilima hakihami, na kila mwaka kinatoa maharage. Yeye kila akihama anatoa fulana.

Pengine utajiuliza kwa nini anahama. Watu wanasema tumbo. Si kweli, kila kampeni anarudi amekonda na mimi ndiye ninayemnenepesha tena. Kilian anasema ni uroho wa vyeo. Vyeo gani? Cheo kikubwa alichowahi kupata ni ujumbe wa kamati ya mapokezi, na aliyepokewa siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Mimi niliyelala naye miaka yote hii nakwambia sababu. Akiingia chamani anachezewa ngoma, anavishwa, anabebwa juu juu, anaitwa jembe jipya. Wiki ya pili anapangiwa kupanga viti. Hakuna chama kilichowahi kumpigia mtu ngoma kwa sababu amebaki. Basi anakwenda kutafuta ngoma nyingine, na itikadi anaikuta hukohuko.

Kwa hiyo naomba Jumamosi mmwambie kadi zimekwisha. Au mwambieni amezidi umri, ingawa atabisha. Au mseme gari la kioda limekwama Liparamba. Uongo mdogo wa kichama haujawahi kuwashinda.

Nisalimie mama yako Rukia dukani, mwambie kitenge kile hakichuji. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, wake zao, na wale mtakaowapokea baada yake, na wake wa hao nawapa pole ya mapema.

Ni mimi mwenye kuvumilia,
Agripina, Mama Crispin.

Nyongeza, Jumatano asubuhi. Ndugu Katibu, usilifanyie kazi ombi la hapo juu. Kabla sijafunga bahasha nilimsomea Raimundi, kwa kuwa sipendi kumsema mtu mgongoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi, haendi, anabaki. Habari ikazagaa. Jana nikaalika ngokela na pombe ikawa tayari. Violet akatuma salamu kwamba kiuno kinamuuma. Gertrude alikuja, akachimba kidogo, akauliza, "Kwa hiyo Baba Crispin haendi popote?" Nikamwambia haendi. Akasimama, akasema amekumbuka ana kuku anayetotoa. Mteremko uko vile vile, na pombe inachacha. Kumbe lile shamba mwaka jana halikuchimbwa na majirani zangu, lilichimbwa na ubishi wao.

Na Raimundi mwenyewe amekaa kwenye kichanja cha kahawa, hachani nywele, hampungii mtu mkono. Nilimhurumia, kusema kweli. Jana usiku nikampigia vigelegele jikoni, kwa kubaki. Akainuka, akahutubia mpaka mboga ikaungua, kisha akauliza kama kuna maswali.

Mpokeeni Jumamosi. Ngoma ziwe nyingi, na mumbebe, mgongo wake bado mzima. Nitakuwepo mstari wa mbele na vigelegele vyangu, halafu Jumatatu ngokela, nawe ukipenda njoo na jembe. Na mwakani, mvua zikikaribia kukatika, tafadhali mumuudhi kidogo.